Povu la Jumatano

Sehemu ya saba

Mkono uliomshika Akeyo begani kule stoo haukuwa wa jini wala wa mwizi. Ulikuwa wa Pius.

Mliosema ni Rose, wifi yake, poleni. Na wewe uliyechelewa kujiunga nasi, sogea nikudokeze upesi, maana leo hatuna muda wa kupoteza. Akeyo ni mjane wa Kiseke, Mwanza, mtu wa Mara kwa kuzaliwa, na kazi yake ni kutengeneza shampuu ya watoto wachanga iitwayo Nyororo. Haitengenezi kwa ile dawa kali ya povu ya kuoshea masufuria. Yeye hutumia povu la mimea, linalotokana na mafuta ya nazi na sukari ya mahindi, na kwa ajili hiyo akina mama wa Ilemela wanamwamini.

Walikuwa wanamwamini. Jana Ijumaa, Favour, binti wa miezi minane wa jirani yake Pius, aliogeshwa kwa Nyororo, na macho yake yakaungua. Leo asubuhi Akeyo aliingia stoo peke yake, akainamia dumu jipya la povu, akakuta sili ya mfuniko imekatwa kwa kisu. Hapo ndipo mkono ulipomshika.

"Unaficha nini, mama?" Pius akauliza.

"Sifichi kitu, baba. Favour anaendeleaje?"

"Usimtaje mwanangu." Kisha akamtaja mwenyewe. "Favour wamemwosha macho mpaka alfajiri. Daktari anasema kesho wakifungua bandeji ndiyo watajua kama anaona. Akaniuliza kwenye chupa mna nini. Nikamwambia mna mimea tu. Unajua alinijibu nini? Akasema hata upupu ni mmea."

Pius ni dereva wa bodaboda pale stendi ya Buzuruga, kijana mpole ambaye kila Krismasi alimletea Akeyo kuku. Leo macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alishika ile chupa ya Nyororo kwa shingo.

"Polisi nimewaambia," akasema. "Watafika hapa saa saba. Uwe na jibu."

"Jibu ni hili hapa," Akeyo akasema, akamwonyesha dumu. "Tazama sili. Mimi sijaikata. Alhamisi nilipochota, Rose ndiye aliyefungua, naye huzungusha kwa mkono tu, mimi sikuangalia mfuniko. Hili nimelinunua kwa Nadim, mjini. Kuna mtu kalichakachua kabla halijanifikia."

"Na zile chupa za Nansio?"

Swali hilo lilimchoma. Chupa arobaini na mbili za Nyororo zilikuwa ziwani wakati huo, kwenye meli ya saa tatu. Kesho Jumapili kulikuwa na ubatizo Nansio, kisiwani Ukerewe, na leo mchana akina mama wa jumuiya walikuwa wakutane ukumbini kuwaogesha watoto wao pamoja, kama wafanyavyo kila mwaka, kila mtoto na beseni lake.

"Zile ni salama," Akeyo akasema. "Zile tulizichanganya Jumatano, kwa povu lililobaki kwenye dumu la zamani. Chupa ya Favour ni ya Alhamisi, ya dumu hili jipya. Nakuapia kwa kaburi la mume wangu."

Akeyo alikuwa na hakika kabisa. Hata moyo wake ulitulia kidogo alipokumbuka ni nani amezibeba chupa zile. Ni Selina, rafiki yake wa miaka kumi na miwili, ndiye anayeuza Nyororo Ukerewe nzima. Selina kila penye watu wawili watatu huwaambia maneno yaleyale: "Mjukuu wangu Princess hajaguswa na sabuni nyingine tangu kitovu kidondoke." Ana mdomo wa biashara, Selina.

Wakatoka stoo. Mlangoni wakapishana na Rose, wifi yake Akeyo, dada wa marehemu mumewe, Odoyo. Rose ndiye anayechanganya shampuu. Alikuwa na beseni la chupa tupu.

"Wifi, mnakwenda wapi?"

"Kwa Nadim. Dumu lake limefunguliwa."

Rose akashusha pumzi ndefu. Akasema, "Mungu mkubwa," akapita zake.

Akeyo akageuka kumtazama. Mtoto wa jirani anaweza kupofuka, dumu limechakachuliwa, na huyu anapumua kama mtu aliyefutiwa kesi? Lakini Pius alikuwa ameshawasha pikipiki, na saa ilikuwa nne na robo.

"Panda," Pius akasema. "Na leo siondoki ubavuni mwako. Ukienda chooni nasimama mlangoni."

Duka la Nadim liko mjini, si mbali na soko. Mle ndani utapata glisirini, pafyumu, rangi, chupa na mifuniko, na kila mtengeneza sabuni wa Mwanza amewahi kusimama mbele ya kaunta ile. Nadim mwenyewe ni mtu wa miaka arobaini hivi, mcheshi, mwepesi wa kukaribisha.

"Mama Akeyo! Karibu, karibu. Chai?"

"Sikuja kunywa chai. Dumu la povu uliloniuzia lilikatwa sili. Ulichanganya nini mle?"

Nadim akaacha kutabasamu. "Mimi? Mimi sijakata sili yoyote."

Lakini alipokuwa akisema hivyo, macho yake yalikimbilia pazia lililokuwa nyuma ya kaunta. Akeyo aliyaona. Pius aliyaona pia, na kwa hatua mbili tu alikuwa ameshafika, ameshamkamata Nadim ukosi wa shati.

"Nyuma ya pazia kuna nini? Sema! Mwanangu yuko hospitali!"

Pazia likafunguka. Akatoka bibi mfupi wa miaka sabini na ushei, amevaa vazi lake la waridi lenye lesi, mkononi kashika sahani ya chakula chake cha mchana ambacho hakuwa amekigusa.

"Shikamoo, mama," Akeyo akasema. Hasira ni hasira, lakini adabu ni adabu.

"Marahaba." Bibi Zahabia, mama yake Nadim, akaweka sahani juu ya kaunta. "Kijana, mwachie mwanangu shati lake. Aliyekata sili ni mimi."

Pius akamwachia Nadim kwa mshangao.

"Kila dumu linaloingia humu nalikata kwa mkono wangu," Zahabia akasema. "Nachota kidogo, naweka. Marehemu mume wangu alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo, na huyu Nadim anaona haya kuwaambia wateja kwamba mama yake hamwamini mtu." Akafungua kabati. Vichupa vidogo vilijipanga mstari kwa mstari, kila kimoja kimebandikwa tarehe. "Dumu lako hili hapa. Kama nimekuibia, utaona la kwako na la kwangu hayafanani. Chupa iliyomuunguza mtoto iko wapi?"

Pius akampa. Zahabia akatoa kijitabu cha karatasi nyembamba za njano.

Akeyo alizijua karatasi zile. Ni za kupimia ukali. Unachovya, rangi inakwambia. Za kwake ziliisha miezi miwili iliyopita, na kila wiki alisema atanunua nyingine.

"Rangi ya majani ni ya mtoto," Zahabia akasema huku akichovya. "Ya bluu ni ya kudekia sakafu."

Karatasi iliyogusa shampuu ya Favour ikawa bluu kabisa.

"Si nilisema!" Pius akapiga kelele.

"Ngoja, usiwe na papara." Zahabia akachovya karatasi nyingine kwenye kichupa chake cha kabatini. Nayo ikawa bluu.

"Basi ni lenu!" Akeyo akasema. "Linauma tangu hapa dukani!"

"Akeyo, mwanangu, kazi hii umeifanya miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Na unasahau? Povu hili likitoka kiwandani linakuwa hivyo. La mimea, ndiyo, lakini lina meno. Mnaweka ndimu ya unga ili meno yatoke." Akachukua nusu ya ndimu iliyokuwa pembeni ya wali wake, akakamulia matone ndani ya kichupa, akatikisa, akachovya karatasi ya tatu. Ikawa rangi ya majani. "Umeona? Povu langu limetulia. Chupa yako ndiyo haikutiwa ndimu."

Akeyo aliona uso unamwaka moto. Alijua habari ya ndimu kuliko alivyojua namba yake ya simu. Lakini kuambiwa mbele ya watu, tena ukiwa na makosa, kunauma.

"Unapima kwa nini siku hizi?" Zahabia akauliza.

"Kwa mkono. Napaka hapa, nasikilizia."

Bibi akaushika mkono wa Akeyo, akaugeuza, akaubonyeza kwa kidole. "Mkono huu? Mkono huu umezoea sabuni miaka kumi na moja. Hata ukitia kwenye maji ya moto utasema ni vuguvugu."

"Lakini Rose aliweka ndimu!" Akeyo akasema kwa nguvu. "Alhamisi aliweka vijiko vinne, na Jumatano vijiko vinne. Nilimwona kwa macho yangu. Tena mama, hii hapa ya Jumatano, ya dumu la zamani. Nimekuja nayo ili muone Nyororo halisi inavyokuwa." Akatoa chupa mkobani. "Hii ni ndugu wa zile zilizokwenda Nansio. Pima hii."

Zahabia akachovya.

Bluu.

Akeyo aliitazama karatasi, akaitazama tena. Kama dumu ndilo lingekuwa bovu, chupa za Nansio zingekuwa salama. Sasa dumu limesafishwa jina, na chupa arobaini na mbili zimehukumiwa. Akashika kaunta.

"Uliona vijiko," Zahabia akasema taratibu. "Je, uliona ndimu?"

Akeyo alikuwa ameshatoa simu, anampigia Selina. Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akaandika ujumbe: USIGAWE CHUPA. ZINAUNGUZA. Ujumbe ukakaa hapohapo, haukufika.

"Meli inafika saa ngapi?" Pius akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Naye alikuwa anayafikiria macho mengine.

"Saa sita. Sasa ni saa tano na dakika ishirini."

"Nina mteja Nansio," Nadim akasema. Alikuwa bado anajiweka sawa ukosi, lakini kinyongo hakuwa nacho. "Luhende. Duka lake liko karibu na gati." Akapiga, akaeleza kwa kifupi, akasikiliza. Uso ukambadilika. "Anasema meli leo imewahi. Abiria wanashuka sasa hivi. Anafunga duka anamtafuta huyo mama wa maboksi. Nimempa namba yako."

"Twende tukalione kopo la ndimu," Pius akamwambia Akeyo.

Zahabia akamsukumia Akeyo ile nusu ya ndimu kiganjani. "Chukua. Mwaga unga wako kidogo, kamulia hii juu yake. Ndimu na ndimu hazigombani. Ukiona inachemka, ujue mmemkaribisha mgeni."

Pikipiki ile ilivyokimbia kurudi Kiseke, sisemi, nisije nikamponza Pius kwa askari wa barabarani. Njia nzima Akeyo aliwaza pumzi ya Rose. Pumzi ile ndefu. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, naye nguo yake ya karibu kuliko zote ni Rose. Walimzika Odoyo pamoja. Walilala kitanda kimoja mwaka mzima baada ya msiba. Angeanzaje kumshuku? Na angeachaje?

Kwenye chumba cha kazi hapakuwa na mtu. Rafu ya vifaa ilikuwa mahali pake: glisirini, pafyumu, chumvi. Pale kopo la ndimu linapokaa palikuwa na duara safi katikati ya vumbi.

"Rose!" Akeyo akaita.

Maji yalisikika uani. Wakakimbia. Rose alikuwa kwenye karo, bomba limefunguliwa, kopo mkononi, anataka kulimimina.

Pius alimpora kopo kabla halijainama. Rose akapiga yowe moja tu, akakaa chini palepale kwenye maji.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limezungushiwa plasta nyeupe ya hospitali, juu yake imeandikwa NDIMU kwa mwandiko wa Akeyo mwenyewe. Akeyo akachota kijiko, akaumwaga unga mweupe juu ya ukingo wa karo. Akakamulia ndimu ya Bibi Zahabia.

Unga ukachemka. Ukatoa mapovu, ukalia chiii, ukafura.

Akeyo akagusisha ulimi. Hakuhitaji zaidi. Mwanamke yeyote wa kwao aliyewahi kupika mboga za kienyeji anaijua ladha ile.

"Magadi," akasema. "Nimewaogesha watoto wa watu kwa magadi."

"Wifi, nisamehe," Rose akalia. "Ni kwa ajili ya msiba."

"Msiba gani?"

"Wa jirani, Mzee Chenge. Jumanne. Si tulipikia hapa uani? Uji wa waombolezaji ulikuwa hauna uchachu, ukwaju umekwisha. Nikachukua kopo lako la ndimu. Najua ulikataza, wifi. Ulisema vitu vya kazi visiingie jikoni. Lakini watu mia mbili wanasubiri uji, mimi ningefanyaje? Na kopo la magadi la mboga lilikuwa palepale, nalo la maziwa vilevile. Leo asubuhi nilipoonja ndiyo nikajua yamebadilishana. Nikaogopa. Nikataka kulimwaga kabla hujaligundua."

Akeyo alisimama, mkono kichwani. Kwa hiyo ni hilo tu. Hakuna adui. Ni makopo. Nani kati yetu anayetupa kopo la maziwa? Humo tunaweka chumvi, humo magadi, humo vifungo na sindano. Alitaka kumpiga Rose, na alitaka kumkumbatia, na hakujua kipi kitangulie. Hasira ilikuwa kubwa, lakini chini yake palikuwa na nafuu, maana Rose hakuwa nyoka. Alikuwa mzembe tu, mwoga tu.

Angalia sasa. Huenda angemnyanyua wifi yake pale kwenye maji na mambo yangeishia hapo. Lakini Pius, aliyekuwa akiligeuzageuza kopo, akasema, "Hili kopo jipya."

"Vipi?"

"Nasema ni jipya. Halina hata mchubuko."

Akeyo akalichukua. Kopo lake la ndimu lilianguka mwaka jana kutoka kwenye rafu, likabonyea ubavuni, bonyeo la kuingia ngumi ya mtoto. Hili halikuwa na bonyeo. Akachunguza plasta. Ncha yake ilikuwa imebanduliwa na kubandikwa upya, imekusanya uzi wa kanga kwenye gundi.

Kopo linaweza kupotea njia. Watu mia mbili, masufuria sita, makopo mawili yanayofanana, ni rahisi. Lakini plasta haina miguu. Plasta ya NDIMU haiwezi kutoka kwenye kopo lililobonyea ikatembea mpaka kwenye kopo la magadi. Kuna mtu aliibandua, akaizungusha, akaibonyeza kwa dole gumba.

"Rose," Akeyo akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Nani alirudisha makopo kwenye rafu?"

Rose akajifuta pua kwa kanga. "Si mimi. Nilitaka kurudisha, akaniambia, acha wifi, umechoka, nimeshapanga."

"Nani?"

"Selina. Si alilala hapa Jumanne?"

Akeyo akacheka. Ndiyo, akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeambiwa jambo lisilowezekana. Selina? Aliyemkopesha machozi siku ya kumzika Odoyo? Selina na Princess wake?

"Wifi, alikuomba kanuni ya kuchanganya Nyororo mara ngapi?" Rose akauliza.

"Mara tatu."

"Na ukamnyima mara tatu."

"Nilimwambia ngoja. Sikumnyima. Nilimwambia ngoja."

Simu ikalia. Namba ngeni. Akeyo akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Mama Akeyo? Luhende hapa, wa Nansio." Alikuwa anahema. "Gatini sikumkuta. Nimeambiwa yuko ukumbi wa kanisa, ndiyo naingia. Kuna mama hapa na maboksi, ngoja nimpe simu."

Kelele za ukumbi zikajaa uani Kiseke: akina mama wanacheka, maji yanamiminwa, watoto wanalia kama watoto wanavyolia wakivuliwa nguo.

"Haloo?" Sauti ya Selina, tulivu, tamu. "Dada yangu. Mbona unanitafuta kwenye simu za watu? Yangu imeishiwa chaji."

"Selina, usifungue maboksi! Usigawe hata chupa moja!"

"Nimeshagawa, dada. Wameanza kuogesha."

"Watoe watoto! Watoe kwenye mabeseni! Waambie wawaoshe macho kwa maji matupu, maji mengi! Nyororo ina magadi, Selina, itawaunguza!"

Upande wa pili Luhende, aliyesikia kila neno, alianza kupaza sauti: akina mama, acheni, acheni, mwageni hayo maji. Mabeseni yakagongana. Mtu akapiga kelele.

"Na Princess!" Akeyo akalia. "Mtoe Princess kwanza, Selina, mkimbilie mjukuu wako!"

Selina akajibu upesi, kama mtu anayemwondolea mwenzake wasiwasi. "Princess hayumo. Princess nimemwacha nyumbani. Nilimwambia mama yake amwogeshe huko huko kwa sabuni ya kipande."

Akakisikia mwenyewe alichosema, lakini kilikuwa kimeshatoka.

Akeyo aliitazama ile plasta, uzi mwekundu wa kanga umening'inia kwenye gundi. Rose alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Tangu kitovu kidondoke, Selina. Tangu kitovu kidondoke hajaguswa na sabuni nyingine.

"Selina," akasema. "Kwa nini leo sabuni ya kipande?"

Zikasikika kelele za kitu kikiwekwa juu ya meza, nyayo, vilio. Halafu sauti ya Luhende ikarudi, karibu sana na simu.

"Mama, huyu mwanamke kaacha simu mezani, anatoka kwa mlango wa nyuma. Anakimbia, mama! Na hapa kuna katoto kamejaa povu usoni, hakafumbui macho, mama yake amezimia. Niko peke yangu mwanamume. Nifanye lipi? Nimkimbize?"

"Mkimbize!" Pius akanguruma. "Mkamate huyo! Usimwachie!"

"Mkimbize, kaka!" Rose naye akalia. "Wifi, mwambie amkimbize! Bila yeye nani atatuamini?"

Langoni honi ikapigwa mara mbili. Akeyo hakuhitaji kuchungulia kujua ni gari la nani. Polisi waliwahi. Kopo la magadi lilikuwa mkononi mwake, na mwandiko juu yake ni wa kwake. Mtu mmoja tu duniani angeweza kuwaambia ni nani aliyehamisha plasta, na mtu huyo alikuwa anavuka ua wa kanisa la Nansio kwa mbio.

"Mama Akeyo!" Luhende akaita. "Yuko getini! Niseme nini?"

Honi ikapigwa tena.

"Mwache aende," Akeyo akasema. "Shika mtoto. Mfumbue macho kwa vidole, umwagie maji, usiache mpaka nikuambie. Hesabu mpaka mia tano, halafu anza upya."

"Mama!" Pius akafoka.

Lakini Luhende alikuwa ameshaweka simu chini. Kwenye simu maji yakaanza kumwagika, na sauti ya mwanamume mzima ikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, huku mtoto akilia. Pius akasimama anasikiliza. Luhende alipofika thelathini, Pius akamnyang'anya Akeyo kopo, akalificha ndani ya jaketi lake polisi wasilione, akaenda kufungua lango.